Shati la Kuombea Cheo

Siku hiyo Povu aliamka kabla ya jogoo wa jirani, akaketi kitandani na kujicheka mwenyewe. Moyo ulimwenda mbio kama wa bwana harusi. Mtu mzima wa miaka hamsini na minne, mgane, mwenye magoti yanayolia kila akisimama, na bado alijisikia kama mtoto anayesubiri kupanda pembea. Akanyanyua macho juu ya kabati, kwenye mfuko wa plastiki uliokaa pale miaka sita bila kufunguliwa.

"Leo unatoka," akauambia.

Ndani ya mfuko lilikuwamo shati jeupe, bado na pini zake za dukani. Lilinunuliwa na mkewe. Siku Povu alipokuja nyumbani kutoka kiwanda cha sabuni na beji mpya kifuani, imeandikwa KAIMU MSIMAMIZI WA JIKO, mkewe aliisoma, akaisoma tena, kisha akauliza, "Hili neno la mbele ni la nini?" Povu akamweleza kwamba ni la muda tu, miezi mitatu, wakubwa wanajipanga. Mke akaguna. Kesho yake akaja na shati. "Wakichelewa kulitoa hilo neno, vaa hili, panda ngazi, kawaambie walitoe."

Wakubwa walichelewa, kama kawaida yao. Miezi mitatu ikawa miaka sita. Kazi ya msimamizi Povu aliifanya yote, mshahara wa msimamizi hakuuona hata kivuli chake. Mameneja watatu walikuja na kuondoka, kila mmoja na "subiri kidogo" yake. Mke hakuweza kusubiri. Aliugua, akafariki mchana mmoja ambao meneja wa wakati ule alimwambia Povu amalize tangi kwanza ndipo aende hospitali. Hilo halisameheki, na asikudanganye mtu.

Tangu hapo Povu akawa mtu wa kulaumu. Mvua isiponyesha, wakubwa. Ikinyesha, wakubwa hawakuchimba mifereji. Ndiyo maana jina lilimkaa sawasawa: kutwa alipika sabuni kiwandani, na mdomo wake nao haukuacha kutoa povu.

Lakini Jumatatu ya wiki hiyo habari ilivuja kutoka ofisini. Barua ya msimamizi kamili ingeandikwa Ijumaa, na jina ndani yake lingekuwa la Mtaalamu. Huyu alikuwa kijana aliyeletwa miezi minane iliyopita na vyeti vyake kwenye bahasha, mpole wa sauti, koti jeupe, kalamu nne mfukoni. Wenzake walimtazama Povu wakitegemea alipuke. Badala yake alivua aproni, akapanda ngazi, akamwomba katibu wa Meneja nafasi ya kuonana naye. Alhamisi, saa nne asubuhi. Hata yeye mwenyewe hakuamini miguu yake.

Na leo ndiyo Alhamisi.

Mezani binti yake alikuwa amekwisha kukaa, chai mbele yake, kikombe kitupu mkononi na kijiko. Alikuwa kitinda mimba wake, karani wa duka la simu, na alikuwa amekwisha kuomba nyongeza kazini kwake mara mbili na kupata mara mbili. Akaweka miwani ya marehemu mama yake puani, akakunja uso.

"Mimi ndiye Meneja. Ingia."

Povu akatoka mlangoni, akabisha, akaingia. "Shikamoo, bosi."

"Baba! Meneja ni mdogo kwako."

"Basi za kazi, bosi. Mimi nimekuja kwa sababu nyinyi wakubwa mna tabia ya..."

*Ting!* Kijiko kikagonga kikombe.

"Nini tena?"

"Kila ukilaumu mtu nagonga. Anza tena."

"Bosi, nimekuja. Yule meneja wa kwanza aliniahidi..."

*Ting!*

"Hiyo si lawama, hiyo ni historia!"

"Historia yako yote ni lawama, Baba. Sikiliza. Mambo matatu. Umefanya nini. Unataka nini. Halafu unanyamaza."

"Nanyamaza?"

"Kimya kabisa. Ukishasema unachotaka, funga mdomo, hata akikutazama mpaka macho yatoke. Ukiongea wewe kwanza, umejishusha bei. Mwache aongee yeye."

"Sasa mimi nitanyamazaje mbele ya wale watu? Mwaka mzima nimeweka maneno."

"Yaweke tena."

Walirudia mara saba. Mara ya saba kijiko kiligonga mara mbili tu, na binti akaona jasho lake halikwenda bure. Akamsaidia kuvaa lile shati. Lilikuwa limenunuliwa kwa shingo ya mtu aliyekuwa akipikiwa na mkewe. Sasa kola ilimzunguka kwa nafasi ya vidole viwili. Binti akaikunja kwa nyuma, akabana na pini.

"Mama angekuona," akasema, kisha akageuka haraka kuosha kikombe kilichokuwa kisafi.

Kiwandani walimpokea kwa vigelegele. Mama Miche, mwanamke mnene mwenye mikono ya mpiga makasia, ndiye aliyeanza. Kazi yake ilikuwa kukata sabuni kuwa miche kwa waya, na alikuwa rafiki wa marehemu, kwa hiyo Povu alikuwa shemeji yake na hakuwa na salama.

"Shemeji! Leo umeoa au umefiwa?"

"Nyamaza wewe, naenda kwa Meneja."

"Basi simama mbali na tangi, hilo shati tulipeleke likiwa jeupe. Ukimwona, usimpe hotuba. Watu wana kazi, wana watoto."

Povu akacheka pamoja nao. Kila kitu asubuhi ile kilimchekesha. Hata ule ukuta mweupe kando ya tangi, uliomuuma roho miezi yote, aliupita bila kuutukana.

Ukuta ule una kisa chake. Zamani, kila gunia la magadi, yale makali yanayogeuza mafuta kuwa sabuni, lilipomwagwa kwenye tangi, aliyelimwaga alichora mstari mmoja wa chaki ukutani. Tangi moja lilitaka magunia mawili, mistari miwili, basi. Hata asiyejua kusoma alijua. Povu ndiye aliyeanzisha desturi hiyo, na hakukosa chaki mfukoni. Mtaalamu alipokuja akasema ukuta ule ni mchafu, akaupaka rangi, akaleta fomu ya kuandikia magunia. Fomu nzuri sana, ina nembo. Alikuwa anaifungia kwenye droo yake ili isilowe.

Saa tatu na nusu, tangi likichemka, Povu aliona bora afanye zoezi la mwisho. Akaenda chooni, akajifungia, akasimama mbele ya kile kioo kilichopasuka pembeni. "Bosi, kwa miaka sita nimesimamia jiko. Nataka neno kaimu litoke, na mshahara wa cheo hicho uingie." Akanyamaza, akajitazama. Lo! Alipendeza. Akarudia. Akarudia tena, mkono mmoja mfukoni kama mtu mwenye nyumba za kupangisha.

Huku nyuma, zamu ya alfajiri ilikuwa imeweka magunia mawili na kwenda zake. Mbeba magunia wa asubuhi akafika kwenye tangi, akatazama ukutani, akakuta ukuta unang'aa hauna la kumwambia. Akamtafuta Mtaalamu, yuko juu kwa Meneja. Akamtafuta Povu, hayupo. Mtu mmoja akamwambia labda limeingia moja tu. Akainua gunia, akamwaga.

Povu akatoka chooni akiruka ngazi mbili mbili. Zimebaki dakika kumi. Wote walikuwa wamejipanga kwenye kalibu za kugandishia sabuni, wakingoja neno lake, maana hapo hakuna sabuni iliyowahi kumwagwa kabla Povu hajaionja. Ndivyo alivyofundishwa na waliomtangulia: chota kidogo, kitandaze ubaoni, ngoja kipoe, kisha gusa kwa ncha ya ulimi, kugusa tu. Ikiuma kama umeme, magadi ni mengi. Ikitulia, unatema, unasukutua maji, unapaza sauti: "Mwageni!" Kwa kazi hiyo ulimi wake ulikuwa haujadanganya hata siku moja.

Lakini leo kichwa chake kilikuwa kimetangulia ofisini. Akachota kidogo, akakitandaza, akakipuliza mara moja, na huku midomo ikinong'ona "kwa miaka sita nimesimamia", akakitia mdomoni kama mpishi anayeonja mchuzi.

Alichofanya baada ya hapo walikisimulia kiwandani kwa miezi. Aliruka juu. Akatema, akakanyaga, akalizunguka tangi lote, macho yametoka kama ya chura. Mama Miche akatupa waya wake, akamshika kichogo, akamwinamisha kwenye bomba, akamfungulia maji mdomoni.

"Sukutua! Tema! Tena! Usimeze, we mzee! Tena!"

Alisukutua mpaka shati likalowa hadi kitovuni. Alipoinua kichwa akapunga mikono yote miwili kuelekea kwenye kalibu: msimwage! Kisha akatazama ukuta mweupe, akamtazama mbeba magunia, akanyanyua vidole vitatu akiuliza kwa macho. Yule bwana akahesabu magunia matupu yaliyotupwa nyuma ya tangi. Matatu. Akakaa chini palepale.

"Ongezeni mafuta," Povu akajaribu kusema. Kilichotoka kilikuwa sauti ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, lakini Mama Miche alimwelewa.

"Mafuta wataongeza, wewe nenda. Imebaki dakika moja."

Povu akaonyesha mdomo wake. Akaonyesha shati.

"Nenda hivyohivyo, shemeji. Ukirudi kesho, barua imeshaandikwa."

Akachukua ubao wenye ile sabuni, akapanda ngazi.

Ofisini, Meneja alikuwa nyuma ya meza ya kioo, mwanamke mwembamba asiyepoteza muda, aliyefika kiwandani mwaka jana na ambaye hakuna aliyejua kama anajua kucheka. Pembeni yake alikaa Mtaalamu na faili. Povu akahisi damu inampanda. Kumbe wamekwisha kumalizana! Maneno yote ya mwaka mzima yakaja mbio kooni, wakubwa, mameneja watatu, hospitali, rangi ya ukuta, yakafika kwenye ulimi, yakakuta njia imefungwa. Ulimi ulikuwa umejaa mdomo mzima.

"Mzee Povu, karibu. Umelowa?" Meneja akasema. "Haya, nakusikiliza."

Povu akatoa ulimi nje.

Mtaalamu akaangusha kalamu moja.

"Mzee," Meneja akasema polepole, "umeomba nafasi wiki nzima uje kunitolea ulimi?"

Povu akatikisa kichwa kwa nguvu, akaweka ubao mezani, akautia mkono mfukoni. Chaki ilikuwapo. Akainama, na juu ya kile kioo kisafi cha bosi akachora mstari. Akachora wa pili. Akamtazama Mtaalamu. Kisha akachora wa tatu.

Mtaalamu ndiye aliyeelewa kwanza. Rangi ikamtoka usoni. "Magunia matatu? Lakini fomu..." Akapapasa mfuko wa koti, akatoa ufunguo, akautazama kama kitu alichookota njiani. "Fomu iko kwenye droo yangu. Nimeondoka na ufunguo."

"Na hiyo sabuni iko wapi?" Meneja alikuwa amesimama. "Imemwagwa? Imekatwa? Watu wanaogeshea watoto hiyo!"

Povu akatikisa kichwa, akagonga kifua chake, akaonyesha ulimi. Imeishia hapa.

Meneja akakaa. Akautazama ule ulimi vizuri, mwekundu, umetutumka, una kidonda cheupe pembeni. Kisha akamgeukia Mtaalamu, na macho yake yalikuwa yale ambayo Povu alikuwa ameyaombea kwa miezi minane. Sasa! Kitu kimoja tu kilibaki, kumnyooshea kidole yule kijana na kumzika. Lakini akakumbuka kile kioo kilichopasuka, na mkono mfukoni, na jinsi alivyokuwa akijipenda wakati gunia linamwagwa. Akasikia kijiko kikigonga kikombe, *ting*, ndani ya kichwa chake.

"Nusu ya kosa ni yangu," akasema, neno moja moja, kwa maumivu. "Nilikuwa chooni. Najifunza. Kuongea na wewe."

Mdomo wa Meneja ukatikisika kidogo upande mmoja.

Basi Povu akavua beji yake, akailaza mezani. Kwa chaki akachora mstari mnene juu ya neno KAIMU, akausugua mpaka neno likapotea.

"Miaka sita," akasema. "Litoke. Na mshahara wake."

Akafunga mdomo. Si kwa werevu; hakuwa na mdomo mwingine.

Meneja akaitazama beji. "Mzee Povu, naelewa. Nitakuwa mkweli, barua ya kesho ilikuwa na jina jingine. Lakini cheo tunaweza kukitazama. Cheo peke yake, kwa sasa."

Povu kimya. Angekuwa na ulimi wake angekwisha kusema asante, au angekwisha kutukana, na yote mawili yangemponza. Akamtazama tu. Jasho lilimtiririka mgongoni kwa raha na hofu. Kumbe hivi ndivyo inavyokuwa!

"Na nyongeza nusu," Meneja akasema. "Nusu nyingine tuone bajeti ya mwaka ujao."

Povu kimya. Tone la maji likaanguka kutoka kwenye kola, likatua juu ya kioo, *ti*.

"Unajua hali ya biashara ilivyo."

Kimya. Mtaalamu akakohoa. "Bosi," akasema kwa sauti ndogo, "mimi sijui kuonja. Kwenye fomu yangu hamna kuonja. Ningekuwa mimi chini leo, ingemwagwa."

Meneja akavua miwani, akasugua macho. Ilikuwa kama kutazama mtu akipigana mieleka na nafsi yake mwenyewe. "Haya. Mshahara kamili wa msimamizi. Kuanzia mwezi ujao."

Ulimi wa Povu ulimchoma sana wakati huo, akakunja uso.

"Mwezi huu!" Meneja akasema haraka. "Mwezi huu, jamani, usinitazame hivyo! Barua utaipata kesho." Akavuta karatasi, akaandika, akampa Mtaalamu apeleke kwa katibu. Halafu, bila kuinua macho: "Na hiyo chaki mkairudishe ukutani. Kwenye meza yangu futa."

Povu akafuta kwa mkono wa shati jeupe, akachukua beji na ubao wake. Hata hakulionea huruma. Lilikuwa limefanya kazi yake.

Alishuka ngazi hakuzihisi. Chini walikuwa wamesimama wote, hakuna aliyethubutu kuuliza. Akanyanyua beji yenye ule mstari wa chaki, akaigonga, akanyanyua dole gumba. Jiko lote likalipuka. Mtu akagonga ndoo, mtu akapiga mluzi, mbeba magunia akambeba yeye badala ya gunia na kumzungusha tangi mara mbili. Mtaalamu, aliyemfuata nyuma, akaokota chaki iliyoanguka, akaenda mwenyewe ukutani, akachora mistari mitatu, na chini yake alama ya ndoo ya mafuta iliyoongezwa. Alichora vibaya, kama mtoto. Hakuna aliyemcheka sana.

Kisha wakakumbuka sabuni. Ilikuwa imechemka tena na mafuta yake, sasa ilitaka kuonjwa, na mwenye ulimi hana ulimi.

Povu akawatazama mmoja mmoja, akampa ubao Mama Miche. Naye akauchukua kama aliyekuwa akiungoja. Akachota kidogo, akakitandaza, akangoja kipoe, akaweka mkono kiunoni, akangoja tena, ndipo akagusa kwa ncha. Akafumba macho. Akatema, akasukutua.

"Mwageni!"

Sauti yake ilitikisa mabati. Wakamwaga, nayo ikatiririka kwenye kalibu laini kama uji, hata Povu akahisi machozi, akasingizia magadi.

Mama Miche hakurudi kwenye waya wake. Alisimama mbele ya Povu, akajifuta mdomo kwa ncha ya aproni.

"Hongera, msimamizi."

Povu akaitikia kwa kichwa, amejaa furaha.

"Sasa kwa kuwa wewe ndiye msimamizi, shemeji, nina neno. Mwaka wa tisa huu mimi ni kibarua hapa. Asubuhi nachukuliwa, jioni naachwa. Nimekata miche yote mnayoiona inatoka mlango ule, na leo nimeonja. Nataka niandikiwe ajira."

Akafunga mdomo. Akamtazama.

Na hapo, ukubwa wake ukiwa haujatimiza hata saa moja, jibu lilimjia Povu lenyewe, limeshapikwa, tamu na jepesi: subiri kidogo, Mama Miche, ofisi inajipanga. Lilifika mpaka kwenye meno. Akalisikia lilivyo, akalijua linatoka wapi, mwili ukamsisimka kama mtu aliyemkuta mwizi amevaa nguo zake.

Mama Miche bado kimya. Alikuwa na mwiko wa tangi mkononi, na bila kujua akaugonga kwenye chuma. *Ting.*

Povu akamshika mkono, akamgeuza kuelekea kwenye ngazi.

"Vua aproni," akasema kwa ule mdomo wake uliovimba. "Twende sasa hivi, kabla ulimi haujapona."